Kulizoea Vazi la Kale: Mwongozo kwa Waigizaji na Wachezaji wa Naro Moru

Kila mwaka, shule zinapoanza matayarisho ya tamasha la drama katika muhula wa kwanza, na tena katika siku chache zinazotangulia Sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba, masanduku ya maleba hufunguliwa katika shule, makanisa na vikundi vya ngoma vya Naro Moru, na vijana ambao tangu kuzaliwa hawajavaa ila sweta, suruali na viatu vya raba hutakiwa wawe, kwa muda wa nusu saa, wazee wa kiama (baraza la wazee wa Kikuyu), wapiganaji wa msituni, wachukuzi wa misafara au akina mama wa zama ambazo hata nyanya zao walizipata kwa masimulizi tu. Wengi hushindwa. Walakini hawashindwi kwa ulimi, maana maneno wameyahifadhi barabara. Hushindwa kwa mwili. Mkono haujui pa kukaa, bega hupanda likakaribia sikio, mguu huogopa kukanyaga pindo, na mtazamaji aliyeketi safu ya nyuma kabisa hutambua kabla ya neno la kwanza kutamkwa kwamba aliye mbele yake si mzee wa mwaka 1900, bali ni mwanafunzi aliyevikwa ngozi asubuhi ile.

Nakusudia kumweleza msomaji, awe mwigizaji, mwalimu, kiongozi wa kwaya, bwana au bibi harusi anayetaka kuvaa kiasili siku ya ruracio, yaani ya mahari, au kijana anayecheza ngoma mbele ya wageni wa hoteli zilizo njia ya kupandia mlima, namna ya kulivaa vazi la kale hata mwili ulikubali na roho itulie ndani yake. Rai yangu ni moja, na nitaitetea kutoka pembe mbalimbali: vazi la kale halizoeleki mbele ya kioo, huzoeleka katika kazi ambayo kwa ajili yake lilitengenezwa. Aliyelivaa akachanja kuni, akachota maji, akapanda mteremko, akakaa chini na kuinuka mara nyingi pasipo kutazamwa na mtu, huyo ndiye atakayesimama nalo mbele ya halaiki kwa utulivu.

Kabla ya kuvaa chochote, sharti ujue ni kale ya nani unayoivaa, kwa sababu mji wetu una zaidi ya moja. Nyika za Laikipia zinazotandaa upande wa kaskazini na magharibi zilikuwa malisho ya Wamaasai mpaka walipohamishwa kwenda kusini katika miaka ya 1911 hadi 1913. Kisha yakaja mashamba ya walowezi, na reli iliyofika Nanyuki mwaka 1930, na vibarua waliolima ngano na kuchunga ng'ombe wa kigeni. Na baada ya Uhuru mashamba hayo yakagawanywa kwa watu wengi waliotoka nyanda za Ugikuyu za kusini. Basi igizo linalodai kuonyesha Naro Moru ya mwaka 1890 na likawajaza jukwaani wanawake wa Kikuyu waliovaa ngozi linahitaji kufikiriwa upya, na igizo la mwaka 1935 lenye watu waliovaa ngozi tupu ni kosa kubwa zaidi, maana mwaka huo kibarua wa shamba aghalabu alivaa kaptura ya kaki, blanketi au kabuti kuukuu. Nimeona pia mashujaa wa karne ya 19 wakiingia jukwaani na akala miguuni. Akala hukatwa katika tairi la motokaa, na motokaa haikuwapo. Mambo haya si ya mtahini peke yake. Anayejua kwa yakini kwamba kila alichokivaa ni cha wakati wake hupata ujasiri ambao hakuna mkufunzi awezaye kuutia kwa maneno, ilhali anayeshuku vazi lake huligusagusa kila wakati kama mtu aliyeazima.

Pa kutafutia maarifa hapako mbali. Makumbusho ya Nyeri, yaliyo katika jengo la baraza la zamani pale Ruring'u, yafaa yawe safari ya kwanza ya kila kikundi. Jijini Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, zimo picha ambazo Joy Adamson alizichora kwa rangi za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya katika mavazi na mapambo yao, na mtu akisimama mbele ya moja kwa subira huweza kuona fundo lilipofungwa na shanga zilipoanzia. Kuna na vitabu: W. S. Routledge na mkewe Katherine walitoa chao juu ya Wakikuyu mwaka 1910, kikiwa na picha nyingi za kamera, na Padre Cagnolo wa Consolata akapiga chapa chake papa hapa Nyeri mwaka 1933. Ila uzitazame picha za zamani kwa hadhari. Wengi waliopigwa picha walisimamishwa, na huenda walivaa yaliyo bora kuliko ya kila siku, kama sisi tunavyofanya leo. Kwa hiyo picha hukufundisha vazi lilivyoonekana likiwa limetulia, wala haikufundishi lilivyokwenda.

Iko picha moja, hata hivyo, ambayo ningependa kila mwigizaji aitazame. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta alipotoa kitabu chake Facing Mount Kenya huko London, alipigwa picha akiwa amejitanda ngozi begani na ameshika mkuki, kidole chake kikipima ncha. Tukumbuke kwamba mtu huyu alikuwa ameishi Ulaya miaka mingi katika suti na tai, na kwamba miaka michache kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waigizaji wadogo wa filamu Sanders of the River iliyotoka mwaka 1935; ngozi ile kwake ilikuwa maleba kama ilivyo kwako. Lakini angalia kidole. Mkono ule haukuachwa uning'inie, umepewa shughuli, na shughuli ile ni ya mtu ajuaye mkuki ni wa nini. Ondoa kidole kile kwenye ncha, na picha nzima itadhoofika.

Sasa tuingie katika vazi lenyewe. Mwanamke wa Kikuyu wa zamani alivaa vipande vitatu vya ngozi: joho la juu lililofungwa begani, sketi iitwayo muthuru, na mwengu, kipande kidogo cha mbele kilichokuwa ndani. Ngozi aghalabu ilikuwa ya mbuzi au ya kondoo, iliyowambwa juani kwa vigingi, ikakwanguliwa, kisha ikasuguliwa kwa mikono mpaka ikalainika, na kupakwa mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Hayo mafuta hayakuwa urembo peke yake. Yaliifanya ngozi ikubali kukunjika, yakazuia mvua isiingie, na yakaifanya ishuke kwa uzito wake mwilini pasipo kusimama mbali kama ubao. Ngozi unayoinunua leo kutoka kiwandani imeandaliwa kwa dawa ili itengenezwe viatu au mikoba. Ni kavu na ngumu, na ukiivaa jinsi ilivyo itakuelekeza yenyewe jinsi ya kutembea, nawe utatembea vibaya. Ipake mafuta ya nyonyo kidogo kidogo, isugue kwa viganja, ikunje na kuikunjua, uiache usiku kucha, urudie kesho, na usichoke mpaka uone kwamba ukiitundika juu ya kiti inaanguka yenyewe na kushika umbo la kiti. Ikilowa kwa mvua usiianike jikoni karibu na moto, maana itakakamaa na kupasuka; ianike kivulini, na kabla haijakauka kabisa uisugue mafuta tena.

Najua kwamba shule nyingi hazina fedha za ngozi, na kwamba vazi la kale katika ukumbi wa shule huwa ni gunia lililopakwa rangi. Sioni aibu yoyote katika gunia. Aibu iko katika kumvika mtoto gunia juu ya ngozi yake ya mwili, likamwasha shingo na makwapa, kisha kumgombeza kwa nini hasimami imara. Litie bitana. Leso kuukuu iliyofuliwa mara nyingi ni bitana bora kuliko kitambaa kipya, kwa kuwa ni laini na hunyonya jasho. Ishone ndani mpaka kwenye pindo la shingo na la mikono, na uikunje itokeze nje kidogo ili uzi wa katani usiguse mwili popote. Kwa sketi za mkonge, mkanda wa kiunoni ndio unaoleta taabu: uwe mpana wa vidole vinne angalau, ufungwe juu ya kaptura ya kubana, na uzito wote ukae juu ya mifupa ya nyonga wala si juu ya tumbo, maana anayebanwa tumbo hawezi kuimba.

Hapo ndipo kazi inapoanza, nami nitasimulia jambo nililoliona katika ukumbi wa shule moja iliyo upande wa mlima wa mji huu. Msichana aliyeigiza mama wa zamani alikuwa na sauti nzuri na maneno yake yote, lakini kila baada ya sentensi mbili mkono wake wa kushoto ulipanda begani kushika fundo la joho. Mwalimu alimkataza, naye akajizuia kwa kitambo, kisha mkono ukapanda tena wenyewe. Mlangoni alikaa bibi mmoja mkongwe aliyekuja kumchukua mjukuu, akamwita yule msichana nje. Akafunga mzigo wa kuni zilizokuwa za jiko la shule, akamwinamisha, akamtwika mgongoni, na kupitisha ukanda kwenye paji la uso kama afanyavyo mwenyewe mpaka leo.

“Cucu, likianguka je?” akauliza msichana, akimaanisha joho.

“Mjukuu wangu, vazi hili halikufanywa kwa ajili ya kusimama,” akajibu bibi. “Nenda mpaka pale kwenye lango, uniletee maji, urudi.”

Akaenda. Katika hatua za kwanza mkono ulikuwa begani bado, lakini mteremko ulipoanza alihitaji mikono yote miwili kushika ukanda, na fundo likabaki peke yake, na halikufunguka. Ngozi ya mgongoni ilipokea msuguano wa kuni, ile ya kiunoni ikafuata hatua, na mwili uliokuwa umejikaza ukainama mbele kwa mwinamo uleule unaoonekana katika picha za akina mama wa zamani. Aliporudi ukumbini akihema na kutokwa jasho, alisema maneno yake yote toka mwanzo hadi mwisho na mkono haukupanda. Hakuna aliyemfundisha kuigiza. Alikuwa ameshughulika tu, na shughuli ikamsahaulisha.

Kwa hiyo nakuagiza hivi, msomaji. Ukipewa vazi, lichukue nyumbani, ukalivae jioni wakati wa kazi. Lisha ng'ombe nalo. Osha vyombo nalo. Menya viazi umekaa kwenye kigoda, uone pindo linakwenda wapi ukikaa na linabaki wapi ukiinuka, na ujizoeze kulikusanya kwa mkono mmoja pasipo kutazama. Panda na kushuka ngazi. Salimia watu wa rika lako na watu wazima, kwa kuwa salamu ndiyo inayofichua ugeni: anayempa mzee mkono akiwa amejitanda joho lazima ajue ni mkono upi ulio huru na upi umeshika. Ikiwa vazi lina kasoro, kasoro hiyo itajitokeza hapo, mbele ya ng'ombe, ambaye hacheki, nawe utakuwa na wasaa wa kulipeleka kwa fundi cherehani. Wala usivae kwa muda mrefu siku ya kwanza. Anza na kazi moja ndogo, na kila jioni uongeze, mpaka siku utakapoitwa mlangoni na mgeni ukatoka ukiwa umesahau ulichovaa.

Lakini kuna mzigo mwingine ambao mafuta ya nyonyo hayawezi kuulainisha, nao ni haya. Vijana wengi wa Nyeri wanapovaa ngozi huona aibu wasiyoweza kuieleza, na wazazi wao huitazama kwa jicho la wasiwasi. Aibu hiyo ina historia. Wamisionari wa Consolata na wale wa kanisa la Kiskoti waliofungua kituo cha Tumutumu walifika katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, na miongoni mwa dalili za kuongoka walizozitazamia ilikuwa kuiacha ngozi na udongo mwekundu na kuvaa nguo ya pamba. Muthuru ukawa alama ya ujinga, na gauni likawa alama ya nuru. Na nyanya za nyanya zetu, ambao hawakuwa wajinga hata kidogo, walizificha ngozi zao au wakaziacha zikaoza. Maadamu hukumu hiyo ilitolewa juu ya vazi lililokuwa na adabu zake zote, lililotofautisha binti na mke, kijana na mzee, sioni sababu ya sisi kuendelea kuirithi. Mwambie hivyo mwanafunzi wako waziwazi kabla hujamvika. Mweleze kila kipande kilivaliwa na nani na kwa heshima gani, ili ajue kwamba anavaa nguo kamili ya mtu mzima mwenye cheo chake, wala havai uchi uliopambwa.

Pamoja na hayo, haya ya mwili si jambo la kudharauliwa, na anayeogopa kuonekana hawezi kutulia. Ndani ya vazi na ivaliwe fulana nyembamba na kaptura ya kubana zenye rangi inayokaribia ya mwili, bila maandishi, na mabega ya fulana yatakayoonekana yakatwe kwa mkasi kwa kufuata mkato wa joho. Mwigizaji ajaribu kuinama, kuruka na kuanguka mbele ya mtu anayemwamini kabla ya kuinama mbele ya umati. Akiisha kuhakikisha kwamba hakuna linaloonekana lisilotakiwa kuonekana, hofu humtoka mara moja. Na ikiwa mtoto amekataa vazi kwa dini yake au ya wazazi wake, usimlazimishe; mpe nafasi nyingine katika igizo, maana mwili uliolazimishwa haufundishiki.

Baridi nayo inataka neno lake. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, chini ya mlima wenye theluji, na alfajiri ya Juni au Julai ukungu ukishuka, kijana aliyevikwa vazi la kuchezea ngoma hutetemeka hata kabla ngoma haijaanza. Watazamaji wengine hudhani kwamba wazee walikuwa hawasikii baridi. Walisikia, ndiyo maana walijipaka mafuta mwili mzima, wakajitanda majoho, wakakaa karibu na moto. Basi nawe jipake mafuta kwa wingi mikononi na miguuni, ule chakula cha moto kabla ya kuvaa, ubaki na blanketi mabegani mpaka dakika ya kuitwa, na usisimame tuli. Anayepeleka wachezaji juu zaidi, kwa mfano mpaka kituo cha hali ya hewa cha mlimani kilicho takriban mita 3,050, kwa ajili ya kupiga picha au filamu, asiwaweke huko na vazi la ngoma kwa muda mrefu. Mdomo uliokauka kwa baridi hautoi sauti, na mwili unaotetemeka hauwezi kuonyesha ila kutetemeka.

Maigizo ya vita vya msituni yanapendwa sana kwetu, wala si ajabu, kwa kuwa Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alizaliwa katika kaunti hii ya Nyeri na akakamatwa katika kaunti hii tarehe 21 Oktoba 1956, akiwa amevaa koti la ngozi ya chui. Picha yake akiwa amelala kwenye machela na pingu mikononi imewafanya wengi wadhani kwamba kila mpiganaji alivaa chui. La. Wengi walivaa walichopata: kabuti za jeshi, makoti yaliyotiwa viraka, kaptura za kaki, ngozi za wanyama waliowinda. Ukivaa kabuti, jua kwamba ni nguo nzito iliyokusudiwa kumkinga mtu na baridi ya usiku na kumfaa kama blanketi pia. Kwa hiyo lala nalo usiku mmoja. Asubuhi utajua namna ya kulikusanya kwa haraka na mahali mifuko ilipo. Nywele za bandia zishonwe juu ya kofia laini ya pamba, zisigandishwe kwa gundi, na uzivae katika kila zoezi, kwa kuwa shingo huhitaji muda kuzoea uzito wa kichwa kipya. Na bunduki ya mbao ambayo mtoto aipeperusha kwa vidole viwili hubomoa igizo zima. Bunduki nyingi za msituni zilifanywa kwa mabomba ya maji, mbao na komeo za milango, nazo zilikuwa na uzito. Tia chuma ndani ya ile ya kwako, mkono utajishika wenyewe inavyopasa.

Katika maigizo ya mashamba ya walowezi liko jambo dogo ambalo ningependa lisisahaulike, nalo ni kipande, yaani karatasi ya utambulisho. Mwanamume Mwafrika alilazimika kukichukua, na karatasi ile ilitiwa katika kijisanduku cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa uzi. Tengeneza cha bati kweli, kisiwe cha karatasi iliyopakwa rangi. Kivae ukipalilia. Kitakugonga kifua kila unapoinama, kitabadilika joto na baridi pamoja na jua, na hutahitaji mtu akueleze kibarua yule alijisikiaje.

Juu ya mavazi ya pwani nitasema machache, kwa kuwa hutakiwa mara kwa mara katika maigizo ya misafara na ya vita vya Maji Maji. Kanzu si gauni, na mwanamume aliyeizoea haitazami anapopanda ngazi. Huishika upande kwa vidole na kuiinua kidogo, kisha huiachia. Ikatwe iishie juu ya kifundo cha mguu, la sivyo kijana wa bara ataikanyaga. Wala usimvike mwanamke wa Unguja wa mwaka 1860 buibui, maana vazi hilo lilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Ukiweza kumpata mtu wa pwani anayeishi Nyeri au Nanyuki, mwombe akufundishe kujitanda leso mpaka ukae nayo bila pini hata moja.

Mambo ya hatari nayapitia upesi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumiliki ngozi ya mbega, chui na wanyamapori wengine pasipo kibali, kwa hiyo tumia ya mbuzi wa manyoya marefu au kitambaa kilichochapwa. Sare za jeshi na polisi za siku hizi usizivae kabisa. Usoni usipake chokaa ya kujengea, kwa sababu huchoma ngozi na macho. Udongo mweupe uliochujwa wafaa. Mapambo mazito ya masikio yaning'inizwe kwa uzi unaozunguka nyuma ya sikio. Saa, simu na miwani ya rangi viachwe kwenye begi. Fimbo na alama nyingine za wazee wa kiama, kabla ya kuzitumia, kawaombe ruhusa wazee wenyewe. Aghalabu watakupa, na watakuonyesha jinsi ya kuzishika.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu na viongozi wa vikundi. Desturi ya kufunga maleba sandukuni kwa kuyahifadhi, na kuyagawa asubuhi ya siku yenyewe ndani ya basi la kwenda Karatina au Nyeri, ndiyo inayoharibu kazi ya muhula mzima. Naomba tuiache. Yagaweni mavazi majuma matatu kabla, mkiandika jina la kila mchukuaji. Yakirudi na doa la maziwa au harufu ya moshi wa kuni msikasirike, maana vazi la namna hiyo limekwisha kuvaliwa, nalo litamfaa na mwigizaji wa mwaka ujao.